Mimi na mzee wangu tunatumwa kanisa dogo Mahajanga, tunaenda kufanya nini haswa?

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu wa Bamburi. Kanisa lao limemuomba yeye na mumewe, aliekuwa karani bandarini mpaka alipostaafu juzijuzi, waende Mahajanga, Madagaska (Bukini, kama walivyoiita wazee wetu wa Mombasa), wakahudumu mwaka na nusu. Kanisa lenyewe ni jipya, halijamaliza hata mwaka, lina watu kama 20 ukihesabu na watoto, wanakutana kwa chumba cha kukodi na anaeongoza ni kijana wa hukohuko. Mwalimu anaandika: "Mzee wangu sio mhubiri. Mimi nimezoea kufundisha watoto na kuimba kwaya. Kimalagasi hatujui hata neno. Tunaenda kufanya nini haswa? Na yule kijana, tutakuwa juu yake ama chini yake? Naogopa tusije tukawa mzigo."

Shikamoo mwalimu. Kazi yangu kwa muda mrefu sasa imekuwa kuwaandaa wanandoa wanaotumwa nje, na mimi na mume wangu pia tushahudumu nchi ya watu, na ntakwambia ukweli swali lako limenifurahisha, manake wengi wanaokuja kwangu huuliza visa, nyumba na mizigo, ni wachache sana wanaouliza kazi yenyewe ni gani.

Nianze na la kijana kwa sababu hilo ndio limebeba mengine yote. Mutakuwa chini yake. Najua si rahisi, nyinyi ni watu wazima, mumelea, mumesomesha, mzee amesimamia watu bandarini, na kijana huyo pengine ni rika la mtoto wenu wa mwisho, na kwa mila zetu za pwani na zao pia mkubwa ni mkubwa, atawapa kiti cha mbele na kipaza sauti kabla hamujatua mizigo. Kiti kaeni kwa heshima siku ya kwanza ya kukaribishwa, alafu Jumapili ya pili rudini nyuma mukae na wengine. Kipaza sauti semeni asante na salamu za kanisa la Mombasa, bas, mumrudishie. Watu 20 wanaangalia sana wageni wanafanya nini, wakiona munamsikiliza kijana wao na wao watamsikiliza, wakiona munamjibia maswali hadharani hata kama munamsaidia kwa nia safi, kufikia mwezi wa tatu kila mtu atakuwa anakuja kwenu na yule kijana atabaki jina tu.

Na watakuja kweli. Mama fulani atakuja jioni aseme kijana hakumtembelea alipougua, mwengine atasema kijana anapendelea watu wa kabila lake, mwengine atataka nyinyi muamue nani aimbe solo Krismasi. Mpeni chai, msikilizeni, alafu mumuulize "umeshaongea nae?" Akisema hapana mwambieni aende, akiogopa mzee amsindikize. Musiamue. Hata kama munajua jibu, na mara nyingi mutalijua manake mumeona mengi, musiamue.

Sasa kijana akikosea kweli? Kwa mfano amehubiri kitu ambacho hakiko sawa na Neno. Hapo mumsome Akila na Prisila, Matendo 18, mke na mume mafundi wa kushona mahema waliofukuzwa Rumi wakaishia Korintho na baadaye Efeso. Walimsikia Apolo akihubiri kwenye sinagogi, kijana msomi, motomoto, lakini alikuwa anajua ubatizo wa Yohana tu. Hawakusimama wakamkatiza. Walimchukua kwao wakamuelezea huko. Mimi hii aya ndio huwa nawaambia wanandoa waishike kuliko zote kwa sababu iko na kila kitu mutakachohitaji, ni wawili pamoja, ni nyumbani kwao, si mbele ya watu, na baada ya hapo Apolo ndie aliendelea kuhubiri, si wao. Kwahiyo nyumba yenu kule iwe nyumba ambayo kijana anaweza kuja kula wali na kuambiwa ukweli bila mtu mwengine kujua.

Pili, munaenda kufanya nini. Mwalimu, kanisa la watu 20 si kanisa kubwa lililopunguzwa, ni kitu chengine kabisa. Hapa Mombasa kwa kanisa la watu 600 familia moja ikikosa Jumapili hakuna anaejua mpaka mwezi uishe. Kule watu wanne wakikosa, mmoja ana malaria, mmoja amekasirika, wawili wameenda msiba kijijini, chumba kinaonekana kitupu na wale waliobaki wanaanza kujiuliza kama hili kanisa litafika mwakani. Kwahiyo kazi yenu kubwa ni kuwatembelea. Ibada ni masaa mawili ya Jumapili, hizo siku nyengine sita ndio huduma. Munatoka saa kumi jioni jua likipungua, manake Mahajanga ina joto kama la Mombasa, munaenda kwa mama mmoja, munakaa kwenye mkeka, munaulizana hali kwa Kimalagasi kile kidogo munachojua, watoto wanacheka, munacheka nao, munaomba, munaondoka. Haionekani kama kazi na ripoti yake ni ngumu kuandika, lakini hilo ndilo linalolifanya kanisa changa lisife.

Watawapa maji ya kunywa yenye rangi ya kahawia kidogo, ya moto ama yamepoa, musishangae na musikatae. Wenyewe wanayaita ranovola. Wakishapakua wali wanaacha ule ukoko chini ya sufuria uungue kidogo, wanamimina maji juu yake wanayachemsha na ukoko wake, yanatoka na harufu ya wali wa kuungua, na ndio kinywaji cha kila nyumba. Pia ni salama kwa tumbo lenu kuliko maji ya mfereji kwa sababu yamechemka. Mama akikuona unakunywa hiyo kikombe kizima na unaongeza, amekupokea. Na wali mutakula haswa, asubuhi, mchana na jioni, sisi wapwani tunajiona tunapenda wali lakini kwa hao bado.

Mzee wako ndio nataka umtoe wasiwasi zaidi, manake naona unamuwazia kama vile mtu asiehubiri hana cha kufanya. Karani wa bandari ni mtu wa thamani sana kwa kanisa jipya. Makanisa madogo mengi hayavunjiki kwa mafundisho, yanavunjika kwa sadaka. Bado hawajazoea utaratibu, pesa inakaa mfukoni mwa mtu mmoja kwa sababu wanamuamini, alafu siku moja kodi haijalipwa na kila mtu anamuangalia yule mtu. Mzee aende na daftari la kawaida lile la mistari, amuoneshe mtunza hazina safu nne, tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Sadaka ihesabiwe palepale mezani baada ya ibada na watu wawili ambao si wa nyumba moja, noti zipangwe kwa aina, jumla iandikwe kwa wino, wote wawili watie sahihi, kila mwezi isomwe mbele ya watu. Na yeye mzee asiwe mmoja wa hao wawili! Akae pembeni aangalie, akiulizwa ajibu. Kabla mwaka haujaisha wanaweza kuifanya wakiwa wamefumba macho na hicho hakitaondoka na ndege yenu.

Wewe na watoto, hilo halihitaji maelezo, ila nitasema tu mapema utafute binti ama kijana mmoja wa pale wa kukaa nawe kila Jumapili kama mwalimu msaidizi, na baada ya miezi mubadilishane, yeye afundishe wewe ukate karatasi na kugawa rangi. Kwaya pia usipeleke nyimbo zetu na vikapu vya kanda. Wamalagasi wanaimba vizuri mno, sauti nne bila kinanda, nyimbo zao za kanisa ni za miaka na miaka. Jifunze zao. Mwaka wa pili wakikuomba moja ya Kiswahili wafundishe.

Nataka kidogo nikupeleke kwa historia ya huko kwa sababu inajibu ile hofu yako ya kuwa mzigo. Wamishonari wa kwanza wa London Missionary Society walitua Toamasina, pwani ya mashariki ya kisiwa, mwaka 1818, wanaume wawili kutoka Wales, David Jones na Thomas Bevan. Walipoleta familia zao, kwa muda mfupi homa iliwaua Bevan, mkewe na mtoto wao, na mke na mtoto wa Jones pia. Akabaki Jones peke yake. Mwaka 1820 akapanda hadi Antananarivo, mfalme Radama wa kwanza akamruhusu afungue shule. Wakaandika lugha kwa herufi za kirumi, wakatafsiri, na Biblia nzima ya Kimalagasi ikachapishwa 1835. Mwaka huohuo malkia Ranavalona wa kwanza akapiga marufuku Ukristo kwa wenyeji, na mwaka 1836 wamishonari wa mwisho wakaondoka. Mwaka 1837 Rasalama, mwanamke, akauawa kwa imani yake, wa kwanza, na baada yake wengi.

Sasa sikiliza hii. Kwa miaka 25 hivi, mpaka malkia alipofariki 1861, hakukuwa na mmishonari wa kulea kanisa lile. Watu walikutana usiku, majumbani, mapangoni, Biblia zimefichwa. Na wamishonari waliporudi walikuta Wakristo ni wengi kuliko waliowaacha. Wengi kuliko! Kwahiyo munakokwenda si shamba tupu, Wamalagasi wamelea kanisa kwa damu yao kabla hata mmishonari Krapf hajatia mguu Mombasa 1844. Nyinyi munaenda kuwa msaada wa muda mfupi kwa watu ambao babu zao walisimama bila msaada wowote. Ukiingia na hiyo kichwani huwezi kuwa mzigo, mzigo ni yule anaeingia akidhani bila yeye hakuna kitu.

Hapa kwetu pia tusisahau. Rebmann, mmishonari mwenzake Krapf, alikaa huku tangu 1846 hadi 1875, miaka 29, na waliobatizwa Rabai miaka ile ya mwanzo walikuwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Lile kanisa lilipata nguvu walipokuja watu kama William Jones (huyu mwengine, si yule wa Madagaska) na Ishmael Semler, Waafrika waliokombolewa utumwani wakalelewa Nasik kule India, wakaletwa Rabai 1864 pamoja na wake zao. Mwaka 1885 Askofu Hannington akawafanya Jones na Semler mashemasi. Kwahiyo mwalimu, mke na mume Waafrika kutumwa ng'ambo ya bahari kwa kanisa dogo si jambo jipya kwa Mombasa, tulipokea wa aina hiyo kabla hatujatuma.

Haya, pesa. Hapa nitakaa kidogo na tafadhali msomee mzee hii sehemu kwa sauti.

Mutafika pale mutaona mahitaji kila upande. Kodi ya chumba ina deni la miezi miwili, spika imeharibika, mtoto wa mtu amefukuzwa shule kwa karo, mzee mmoja anahitaji dawa. Na nyinyi hata kama munaishi kwa pensheni ya mwalimu na karani, mbele yao nyinyi ni matajiri, munatoka nje, mumekuja na ndege. Mkono utataka kuingia mfukoni kila siku. Nimeona kanisa moja nje ya nchi, sitalitaja, wanandoa wazuri sana walifika wakaona aibu watu wanakaa kwa viti vilivyovunjika, wakalipa kodi, wakanunua viti vya plastiki, kinanda, jenereta, na kijana anaeongoza wakawa wanampa kitu kila mwisho wa mwezi. Kanisa likajaa. Muda wao ulipoisha wakaondoka, mwenye nyumba akasubiri miezi miwili akafunga kufuli, viti vikagawanywa, na yule kijana akatafuta kanisa jengine lenye wageni. Hawa watu walitoa kwa upendo, sina neno baya juu yao, lakini waliwafundisha watu kwamba sadaka yao haina kazi.

Kwahiyo shika hivi. Kodi ya chumba ilipwe na sadaka zao wenyewe. Kama hazitoshi, watafute chumba kidogo, ama wakutane nyumbani kwa mmoja wao, wala si aibu, kanisa la kwanza Efeso lilikutana kwa Akila na Prisila. Nyinyi toeni sadaka yenu kwenye kikapu kama watu wengine, kiwango ambacho fundi cherehani wa pale akikiona hatashtuka. Kijana asipokee mshahara kutoka kwenu, hata ukiitwa marupurupu. Mtu akiwa na shida ya kweli, ugonjwa ama msiba, ipelekeni kwa kijana na wale wawili wanaohesabu sadaka, kanisa lichange, na nyinyi mchange pamoja nao. Kitu kikubwa kutoka Mombasa, mfano kanisa lenu linataka kununua kiwanja, kisianze mwaka wa kwanza kabisa.

Si mimi nimeyabuni haya. Henry Venn aliekuwa katibu wa CMS (shirika la wamishonari la Uingereza) tangu 1841, hao hao waliomtuma Krapf hapa, alisisitiza kwamba kanisa la wenyeji lifike mahali pa kujiongoza, kujitegemea na kujieneza, na mmishonari akishafikisha hapo aende kwengine. Na mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa PCEA, kanisa la Presbyterian la hapa kwetu, alisimama Marekani mbele ya wafadhili akawaambia wakati umefika wamishonari na pesa zao wasimame kidogo ili kanisa la Afrika lijijue. Iliwauma wengi. Sasa sisi ndio tunatuma, na hayo tuliyosema tukiwa wapokeaji yatatuhusu sawasawa.

Lugha anzeni wiki hii, musingoje kufika. Kifaransa kitawasaidia ofisini na hospitali lakini kanisani na sokoni ni Kimalagasi, na Mahajanga watu wa Sakalava wana lafudhi yao. Salamu yao moja ni "salama", kwahiyo siku ya kwanza hutakuwa bubu. Tafuteni Biblia ya Kimalagasi, kila siku someni mistari miwili ya Injili ya Marko kando na ya Kiswahili. Na mukifika watoto wa sandei skuli ndio watakuwa walimu wako, mwalimu, waache wakusahihishe, hakuna kinachowapa watoto furaha kama kumsahihisha mtu mzima, na wazazi wao wakisikia nyumbani kwamba bibi wa Mombasa alikosea akacheka wataanza kukupenda.

Mila. Kule kuna kitu kinaitwa fady, mambo ambayo ni mwiko, na yanabadilika mahali hadi mahali na hata familia hadi familia. Kwa mfano sehemu nyingi za Sakalava nguruwe ni mwiko. Kaburi usilinyooshee kidole. Ulizeni kabla ya kupika na kabla ya kutembea, wala si kukosa imani, ni adabu. Kubwa zaidi ni kwamba mjini Mahajanga kwenyewe kuna mahali panaitwa Doany Miarinarivo, ndipo panapohifadhiwa mabaki ya wafalme wa Sakalava wa Boina, ufalme wao wa zamani, na kila mwaka, kwa kawaida mwezi wa Julai, kuna sherehe ya kuyaosha inayoitwa Fanompoambe, watu wanajaa kutoka kila pembe. Baadhi ya watu wenu 20 watakuwa na shangazi ama babu anaehusika. Wataitwa. Watakuja kuwauliza waende ama wasiende.

Wewe umeishi karibu na Wamijikenda maisha yako yote, unajua mtu anavyokuwa Mkristo wa kanisa la mbele na bado wazee wa Kaya wakiita ukoo moyo wake unagawanyika, kwahiyo hutakuwa mgeni wa hilo jambo, unalielewa kuliko mmishonari anaetoka mbali. Lakini hapo hapo ndio pa kunyamaza. Jibu la swali hilo litoke kwa Wamalagasi wenyewe, wafungue Biblia yao, wajadiliane na kijana wao, hata wakichukua mwaka. Nyinyi muwe pale, muombe, museme mukiulizwa tu. Mukiwapa jibu la haraka la Mombasa watalitii mbele yenu na Julai mutawakuta hawapo.

Kuhusu majirani Waislamu, Mahajanga ina misikiti na watu wenye asili ya Komoro na Wahindi, hilo nyinyi mushalizoea, endeleeni kuishi kama munavyoishi Bamburi, salamu, sahani ya futari, mazishi. Sina la kuongeza.

Sasa la nyinyi wawili. Hili watu hawaulizi na ndilo linalowarudisha nyumbani kabla ya muda. Hapa mzee ana barza yake, ana marafiki wa bandarini, wewe una chama na wajukuu. Kule mutakuwa wawili kwa nyumba ya vyumba viwili, hamuna mtu wa kumlalamikia mwenzako kwa lugha yako, na miezi ya mwanzo mmoja atashika lugha haraka kuliko mwengine (mara nyingi ni mama) na yule aliebaki nyuma ataanza kunyamaza mbele za watu na kuwa mkali nyumbani. Ukiona mzee anakataa kutoka jioni, si uvivu, anaona haya. Usimtafsirie kila kitu, mwache ajaribu. Na nyinyi munasomwa, manake kwa kanisa changa lenye ndoa za kila aina, vile mzee anavyokuletea maji ama unavyomkatiza maneno ni mahubiri. Wekeni siku moja kwa wiki ambayo hamutembelei mtu wala hampokei mtu, mfunge mlango, mpike samaki wa nazi, mpige simu nyumbani. Kijana aambiwe siku gani, ataelewa.

Na wewe usikubali kuitwa na kuandikwa tu kama mke wa mmishonari. Mumetumwa wawili. Kule Nyali kuna kaburi la Rosine, mke wa Krapf, aliefariki Julai 1844 pamoja na mtoto mchanga miezi michache tu baada ya kufika, na vitabu vingi vinamtaja kwa sentensi moja. Wake za Jones na Semler nao hivyohivyo, majina hutayasikia. Kwahiyo barua ya kutumwa iwe na majina yote mawili na kazi za kila mmoja, na ripoti za kila miezi mitatu muandike wote.

Ya safari niyapitie haraka. Chanjo ya homa ya manjano mupate angalau siku 10 kabla ya kusafiri na kile cheti musikipoteze, watakiangalia. Malaria ipo, chandarua chukueni vizuri kutoka hapa. SHA, ile bima ya afya ya serikali ya Kenya, ni ya hospitali za hapa, kanisa liwalipie bima ya safari inayofika hadi kurudishwa nyumbani mgonjwa, wakisema ni ghali basi hawajawa tayari kutuma. Kuanzia Novemba hadi Aprili ni msimu wa mvua na vimbunga, kama munaweza fikeni Mei. Kutoka Antananarivo hadi Mahajanga barabara ni kama kilomita 570, mbali kuliko Mombasa Nairobi, na kwa matatu zao ni safari ya kuchosha, mukifika mji mkuu laleni siku mbili kwanza.

Bado kuondoka. Mwaka na nusu ni muda mfupi na hilo ni jambo zuri, usikubali kuongezewa kiholela. Mukifika tu, ndani ya mwezi wa kwanza, kaeni na kijana muandike kwenye karatasi vitu gani vitakuwa mikononi mwa nani mukiondoka, nani anafundisha watoto, nani anahesabu sadaka, nani anatembelea wagonjwa, nani anahubiri kijana akisafiri. Miezi mitatu ya mwisho musishike hata kimoja, hata kama kinafanywa vibaya. Tarehe ya kurudi iandikwe kwenye barua ya kutumwa kabla hamujapanda ndege, na kijana apewe kopi yake.